Begi Ambalo Sikulifungua



Miezi minne ya kwanza hapa parokiani niliishi kwa kuchomoa nguo kwenye begi. Kabati lilikuwepo, la mbao, zuri tu, ila sikuweka kitu ndani yake. Nilikuwa nimemaliza falsafa. Wenzangu wengi wakaendelea na teolojia, mimi walezi wakaniambia nikae kwanza parokiani, watanijulisha. Hawakusema lini. Basi nikawa kama abiria aliye stendi, begi miguuni, macho barabarani.

Nilikuwa nachoka bila kufanya kazi ya maana. Usiku silali. Simu ikiita, moyo unaruka. Nilisali, ndiyo, lakini sala yangu yote ilikuwa swali moja tu: Bwana, lini?

Najua siko peke yangu. Yuko aliyemaliza kidato cha sita anasubiri matokeo. Yuko aliyerudi nyumbani na shahada kwenye bahasha, na kila ndugu akimwona anauliza, "Vipi, umepata?" Yuko ambaye uchumba umevunjika na mahari ilishapangwa. Kila mmoja ametoka mahali, na anakokwenda hapajafunguka.

Siku moja mama mmoja wa WAWATA, yule anayefua nguo za altare, aliniangalia shati akacheka.

"Frateri, mbona kila Jumapili una mikunjo? Hawajakupa kabati?"

"Wamenipa, mama. Ila sijui kama nitakaa."

"Mh! Hata mgeni wa siku moja hutundika shati, Frateri."

Akaenda zake na ndoo yake. Mimi nikabaki pale nimesimama, na aibu yangu.

Jioni ile nilisoma Hesabu 9, kuanzia aya ya 15. Ni sehemu ambayo wengi tunairuka, maana inaonekana kurudia jambo moja tu: wingu likitulia juu ya maskani, Waisraeli wanapiga kambi; likiinuka, wanasafiri. Lakini angalia muda. Mara nyingine wingu lilikaa usiku mmoja. Mara nyingine siku mbili, au mwezi, au zaidi. Hawakuambiwa mapema. Na kila mara walishusha mizigo, wakasimamisha hema, hata kama kesho yake wangeng'oa vigingi. Hakuna aliyeruhusiwa kulala na mzigo mgongoni eti kwa sababu hapa si Kanaani.

Kilichonigusa zaidi ni kwamba Mungu mwenyewe alikuwa na hema katikati yao. Mimi nilimwona kama mwenye nyumba anayenisubiri mwisho wa safari, na kazi yangu ni kufika. Kumbe yeye alikuwa kambini, akikaa kwenye mapazia na ngozi kama wao. Ukisoma Hesabu 33 utakuta orodha ya vituo vyote vya safari ile. Vingine, kama Rithma na Risa, hatuelezwi hata kitu kimoja kilichotokea pale. Lakini vimeandikwa kwa majina. Mungu alikaa nao hapo pia, hata kama hakukuwa na la kusimulia.

(Nicheke kidogo mwenyewe: nilifaulu mtihani wa Aristotle kuhusu mwendo. Anafundisha kwamba mwendo si utupu kati ya vituo viwili. Ni kitu halisi kinachotendeka, ingawa hakijakamilika. Niliandika kurasa nzima juu ya hilo. Sikuwahi kufikiri kwamba lingenihusu mimi na begi langu.)

Tazama pia Kutoka 33:14. Musa anaahidiwa vitu viwili pamoja: uwepo wa Mungu safarini, na raha. Ahadi hiyo inatolewa jangwani, tena muda mfupi baada ya aibu ya ndama wa dhahabu, wakati hata haijulikani safari itaendeleaje. Uwepo unatangulia, raha inafuata. Mimi nilitaka nipate kwanza jibu, kisha nipumzike, kisha nimshukuru Mungu. Niligeuza mpangilio wote.

Kuna neno tunalolipita kila siku kanisani: tabernakulo. Kwa Kilatini maana yake ni hema. Nilijua hivyo tangu darasani, lakini wiki ile nilianza kwenda kukaa mbele yake baada ya Masifu ya Jioni, dakika 15 tu, bila kuuliza "lini". Ile taa nyekundu inawaka, mimi nimekaa. Siku ya kwanza nilisinzia. Sikujilaumu sana, Elia naye, katika 1 Wafalme 19, alipochoka hadi kutamani kufa, alipewa usingizi na mkate, mara mbili, kabla ya kuulizwa swali lolote.

Nisikudanganye kwamba maumivu yameisha. Nikiona picha za wenzangu, bado kuna kitu kinanichoma, na kuna siku swali la "lini" linarudi saa nane za usiku. Ninapoandika haya sijapata jibu. Ila nguo ziko kabatini, nimejifunza majina ya watu wa vigango vyote vitatu, na usingizi umerudi.

Leo kabla ya kulala, isome Hesabu 9:15-23 polepole, kisha mwambie Bwana kwa jina ni kitu gani bado umekiacha kwenye begi: rafiki usiyetaka kumzoea, kwaya usiyojiunga nayo kwa kuwa "sitakaa sana", Jumuiya unayoikwepa kwa sababu watakuuliza habari za kazi. Chagua kimoja, ukitoe wiki hii.

Niishie hapa. Watoto wa Komunyo ya Kwanza wanafika saa tisa, na mmoja ameahidi kunitajia Amri 10 zote bila kuruka hata moja. Wiki iliyopita aliishia ya sita.

Tuombeane.