Bweni Namba 26: Padre wa Misa Moja

 

Kuna swali vijana wengi hujiuliza, hata sisi tulioko seminarini: maisha yangu yatakuwa na maana gani kama sitafika ninapotaka kufika? Umesoma, umejiandaa miaka mingi, halafu ugonjwa, vita au umaskini unakatisha kila kitu. Je, yote yalikuwa bure? Leo tulitafakari swali hili tukiwa mahali pagumu sana, kambi ya mateso ya Dachau, Ujerumani.

Dachau palikuwa mahali gani?

Kambi hii ilifunguliwa Machi 1933, karibu na mji wa Munich, wiki chache tu baada ya Hitler kuingia madarakani. Kwa miaka 12, kambi hiyo na matawi yake ilifunga zaidi ya watu 200,000, na zaidi ya 40,000 kati yao walikufa. Walifungwa wapinzani wa kisiasa, Wayahudi, mateka wa kivita na watu wa mataifa mengi. Tusisahau kwamba mfumo huu wa kambi na mauaji ndio ulioangamiza Wayahudi wapatao milioni sita barani Ulaya. Kwa hiyo tunapowazungumzia mapadre wa Dachau, hatusemi kwamba wao ndio walioteseka kuliko wote.

Mfungwa akifika alinyang'anywa nguo, akanyolewa nywele, akapewa namba. Kuanzia hapo hakuitwa tena kwa jina. Asubuhi na jioni walisimama uwanjani kuhesabiwa, mvua inyeshe au theluji ianguke. Mabweni yalikuwa mabanda ya mbao, kila moja limejengwa kwa ajili ya watu 200 hivi, lakini mwishoni mwa vita mengine yalirundikwa watu hata 2,000. Chawa, njaa na magonjwa vilikuwa ndio maisha ya kila siku.

Kuanzia Desemba 1940, viongozi wa dini waliokuwa kambi mbalimbali walikusanywa Dachau. Kwa jumla walipita hapo 2,720, na kati yao 2,579 walikuwa Wakatoliki. Wapolandi peke yao walikuwa 1,780. Waliofia pale ni 1,034.

Kikanisa ndani ya bweni

Mwezi Januari 1941 waliruhusiwa kugeuza chumba kimoja cha bweni namba 26 kuwa kikanisa. Lakini Septemba mwaka huo huo, mapadre wa Kipolandi walitenganishwa na kukatazwa kuingia humo. Wenzao wa Ujerumani wakabaki na altare, wao wakabaki nje. Hebu fikiria uchungu wake: padre unaona mlango wa kikanisa, huruhusiwi kuuvuka. Wengi waliendelea kuadhimisha kwa siri, kwa kipande kidogo cha hostia na matone ya divai, hata shambani walikofanyishwa kazi.

Shemasi Karl Leisner

Karl alizaliwa mwaka 1915. Alikuwa kijana wa vyama vya vijana Wakatoliki, anapenda safari za baiskeli na kuimba. Alipewa ushemasi Machi 1939, bado miezi michache tu awe padre. Ndipo akagundulika ana kifua kikuu, akapelekwa hospitali. Novemba 1939 habari zikaja kwamba Hitler amenusurika bomu. Karl akatamka neno la kusikitika kwamba kanusurika. Mgonjwa mwenzake akamshtaki. Akakamatwa siku hiyo hiyo, na Desemba 1940 akafikishwa Dachau. Kule ugonjwa wake ukazidi.

Miaka ikapita. Mwaka 1944 akaletwa kambini askofu Mfaransa, Gabriel Piguet. Wafungwa wakaona mlango umefunguka: sasa tuna askofu! Lakini lazima kibali kitoke nje, kwa askofu wa jimbo la Karl na kwa Kardinali wa Munich. Nani atapeleka barua?

Hapa anaingia binti wa miaka 20, Josefa Mack, aliyekuwa akijiandaa kuwa mtawa. Alikuwa akienda kwenye duka la shamba la kambi, kama mteja wa kawaida anayenunua mimea. Kupitia hapo alipitisha hostia, barua na mafuta matakatifu. Angekamatwa, naye angefungwa.

Tarehe 17 Desemba 1944, Dominika ya tatu ya Majilio, Karl alipewa upadre kwa siri ndani ya bweni namba 26. Alikuwa dhaifu kiasi kwamba alisubiri mpaka tarehe 26, sikukuu ya Mtakatifu Stefano, kuadhimisha Misa yake ya kwanza. Ikawa ndiyo ya mwisho pia. Wanajeshi wa Marekani walikomboa kambi tarehe 29 Aprili 1945, na Karl akafariki hospitalini tarehe 12 Agosti. Mwaka 1996 Papa Yohane Paulo II alimtangaza mwenyeheri, mjini Berlin.

Mabweni ya wagonjwa

Majira hayo hayo ya baridi, homa kali ya tifasi, ile inayoenezwa na chawa, ililipuka kambini. Wagonjwa wakafungiwa kwenye mabweni yao, hakuna aliyetaka kuingia. Mapadre kadhaa wakajitolea kwenda kuwaosha, kuwalisha na kuwapa sakramenti, wakijua kabisa kinachowasubiri. Padre Stefan Frelichowski wa Poland alifariki tarehe 23 Februari 1945. Padre Engelmar Unzeitig, aliyekuwa amejifunza Kirusi kambini ili awahudumie wafungwa wa Kirusi, alifariki tarehe 2 Machi, siku moja baada ya kutimiza miaka 34. Wote wawili leo ni wenyeheri.

Tunajifunza nini?

*1. Mtu hana bei.* Mwanafalsafa Kant alifundisha kwamba kitu chenye bei unaweza kuweka kingine badala yake, lakini mtu ana hadhi, hakuna wa kuwekwa badala yake. Kambi ilifundisha kinyume: namba hii ikifa, leta nyingine. Padre aliyemwosha mgonjwa wa tifasi alikuwa anapinga fundisho hilo kwa mikono yake. Sasa jiulize, wewe unamwita nani "yule" tu, kana kwamba hana jina? Dada wa kazi? Mfungwa? Mkimbizi?

*2. Ubatizo peke yake hautoshi.* Hili linauma. Himmler, mkuu wa SS, alizaliwa Munich katika familia ya Kikatoliki. Alibatizwa kama mimi na wewe. Neema ipo, lakini anayeikataa kila siku anaweza kufika pabaya sana. Tusijidanganye eti kwa kuwa tuko kwaya au TYCS basi tumeshafika.

*3. Mungu hahesabu kama sisi.* Miaka mingi ya masomo, miaka mitano ya kifungo, halafu Misa moja! Kwa hesabu zetu ni hasara. Lakini upadre, kama ndoa na kama kila wito, si mradi wa kuzalisha matokeo. Ni kujitoa. Na aliyejitoa mzima mara moja, amejitoa. Hata Bwana wetu alijitoa msalabani mara moja tu.

Sisemi mateso ni mazuri. Kambi ile ilikuwa uovu, na waliokufa walitakiwa kuishi. Ninachosema ni kwamba uovu ule haukuweza kumzuia Karl kusema ndiyo.

Maswali ya kutafakari (peke yako au kwenye jumuiya)

1. Soma Ebr 13:3 na Mt 25:31-46. Ni nani "mfungwa" aliye karibu nawe?
2. Josefa hakuwa padre wala askofu, lakini bila yeye mambo yasingekwenda. Wewe unaweza kubeba nini kwa ajili ya wengine?
3. Kama ndoto yako ingekatishwa leo, ungebaki na nini?

Tusali

Ee Bwana Yesu, uliyefungwa na kuhesabiwa pamoja na wahalifu, uwakumbuke wote walio magerezani na kambini leo. Utufundishe kumwita kila mtu kwa jina. Utupe moyo wa kujitoa, hata kama ni kwa mara moja tu. Amina.

Wenyeheri Karl, Stefan na Engelmar, mtuombee.