Pampu Ikigoma, Usikimbilie Kununua Mota

Mdogo wangu, umeniandikia kutoka Litein kwamba pampu ya kupandisha maji hadi kwenye tangi imegoma, na fundi anasema mota imekufa, ununue nyingine. Pesa ya bonasi ya chai ipo, lakini karo inaingojea. Tulia kwanza tuongee.

Huko kwenu Kericho hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka, na Bomet nako ukungu haukosi. Unyevu huo chai inaupenda, lakini umeme hauupendi. Ndani ya swichi kuna pointi, vile vibati vidogo vinavyogusana ili umeme upite. Zikiota utando mweusi, au sisimizi wakibanwa katikati, umeme haupiti, na mota nzima huonekana imekufa.

Sikiliza mota yenyewe. Ikiwa kimya kabisa na umeme upo, shuku kwanza swichi ya presha, kile kisanduku kilichofungwa kwenye bomba. Ikinguruma bila kuzunguka, izime hapo hapo, maana inavuta umeme mwingi na nyaya zake za shaba zitaungua. Hapo huenda ni kapasita inayosaidia mota kuanza, beringi iliyokwama, au pointi za swichi ya kuwashia iliyo ndani ya baadhi ya mota.

Wewe usifungue chochote. Umeme wetu ni volti 240, na penye maji hauna msamaha. Tafuta fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, azime swichi kuu, apime kuhakikisha hakuna umeme, ndipo afungue. Kapasita nayo hubaki na umeme hata baada ya kuzimwa, kwa hiyo aumalize kwanza kabla ya kuigusa.

Simama karibu uone. Pointi nzima hung'aa kama fedha. Chafu huwa nyeusi, pengine na vipande vya sisimizi waliokaangwa. Azisugue polepole kwa msasa laini sana, apanguse vumbi, kisha apulize dawa ya kusafishia pointi. Tupa asiitumie, itakwangua madini yanayopitisha umeme vizuri. Grisi asipake, itanasa uchafu. Zikiwa zimeliwa hadi zina mashimo, abadilishe swichi; bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na mota.

Pampu ikirudi kufanya kazi, mwambie azibe tundu linaloingiza waya, maana sisimizi hupitia hapo. Nawe ijengee kipaa cha mabati, na uache nafasi ya hewa ili mota isichemke.

Na fundi akisema mota imeungua, akuonyeshe vipimo na hizo nyaya zilizoungua. Akikataa kukuonyesha, mlipe nauli yake umwite mwingine. Pesa hiyo ya bonasi umeichuma jani kwa jani, mdogo wangu. Una haki ya kuona kilichoharibika kabla ya kuitoa.