Jinsi ya Kusoma Alama za Uokoaji Ubavuni mwa Ndege

Asubuhi ya Novemba 6, 2022, ndege aina ya ATR 42 iliyotoka Dar es Salaam ilianguka Ziwa Victoria, karibu kabisa na uwanja wa Bukoba. Ilikuwa na watu 43. 19 walifariki, 24 wakapona. Waliowahi kufika ni wavuvi na mitumbwi yao. Mmoja wao, kijana Majaliwa Jackson, alieleza baadaye kwamba alitumia kasia kuufungua mlango wa nyuma.

Mvuvi hasomei milango ya ndege, na kijana yule alifanya alichoweza kwa alichokuwa nacho mkononi. Lakini wengi wetu hatujui kwamba maelekezo ya kufungua yapo pale pale, yamepakwa rangi kwenye bodi la ndege, na yamewekwa kwa ajili ya mtu aliye nje.

Tuanze na mlango. Kanuni za utengenezaji wa ndege kubwa za abiria, kule Marekani na Ulaya, zinataka milango ya dharura ifunguke kwa ndani na kwa nje. Kanuni za Marekani zinataka mlango wa ubavuni uzungushiwe utepe wa rangi wenye upana wa inchi 2, yaani kama sentimita 5. Rangi gani, haijalishi, mradi ipishane waziwazi na rangi inayouzunguka. Ndiyo maana ndege nyeupe huwa na utepe wa giza, na ndege ya rangi ya giza huwa na utepe mweupe. Siku ukipanda ndege kwa kutembea kwa miguu uwanjani, kama tulivyozoea kwenye viwanja vyetu vingi, tazama pembeni mwa mlango kabla ya kukanyaga ngazi. Utepe utauona. Kisha hesabu tepe nyingine: kila fremu ya namna hiyo ni njia ya kutokea, hata ile ndogo iliyo juu ya bawa.

Ndani ya fremu hiyo tafuta mkono wa kufungulia. Hapa ndipo watu hukwama, kwa sababu haujachomoza kama kitasa cha nyumbani. Umelazwa sawa na bati, na mara nyingi una kibati cha kusukuma kwa vidole ili upate pa kushika. Pembeni kuna mshale na maneno ya Kiingereza: PUSH ni sukuma, PULL ni vuta, OPEN ni fungua. Fuata mshale hadi mwisho, usiishie nusu. Kwenye Boeing 737 unauvuta mkono utoke nje, unauzungusha kuelekea OPEN, kisha unauvuta mlango uje kwako. Kwenye Airbus A320 unasukuma kibati, unashika mkono na kuuinua juu. Ndege ndogo kama Cessna Caravan zina milango myepesi zaidi, lakini desturi ni ile ile ya mkono na mshale.

Kabla ya kuvuta, simama ubavuni mwa mlango, usisimame mbele yake. Ndege nyingi kubwa zina slaidi ya dharura inayojaa upepo kwa nguvu nyingi mlango unapofunguka. Kwenye baadhi ya ndege hujizima ukifungua kwa nje, lakini si zote. Kwenye 737, mkanda mwekundu uliokatiza kidirisha cha mlango ni ishara kwamba slaidi iko tayari kufyatuka. Jihadhari pia na pangaboi na mdomo wa injini hadi uhakikishe kila kitu kimesimama, na usiwashe moto wala sigara popote karibu. Ndege ikiwa majini, chagua mlango ambao kizingiti chake kiko juu ya maji, maana ukifungua ulio chini unayakaribisha maji kwa walio ndani.

Baada ya utepe na mshale, alama ya tatu ni ya watu wenye vifaa. Ni pembe nne nyekundu au za njano, kama pembe za fremu ya picha, na wakati mwingine huandikwa CUT HERE, kata hapa. Kwa mujibu wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, kila mkono wa pembe hiyo una urefu wa sentimita 9 na upana wa sentimita 3, na pembe zikiachana zaidi ya mita 2 huongezwa vistari katikati. Hapo ndipo mzimamoto anaweza kupitisha msumeno. ICAO hailazimishi kila ndege iwe na sehemu hiyo. Inaagiza tu namna ya kuichora ikiwepo. Kwa hiyo usipoiona usibuni ya kwako kwa shoka, kwani chini ya bati hupita nyaya, mabomba ya mafuta na ya oksijeni. Nayo madirisha ya abiria ni madogo na yana tabaka zaidi ya moja. Kuyapiga ni kupoteza nguvu na muda.

Muda ndio unaoua. Agosti 19, 1980, ndege ya Saudia ilitua Riyadh ikiwa nzima, moshi ukiwa umejaa ndani. Mlango ulifunguliwa kwa nje takriban dakika 23 baada ya injini kuzimwa. Watu wote 301 walikufa.

Viwanja vya Bukoba, Mwanza, Kisumu na Entebbe vyote viko kando ya Ziwa Victoria, na ndege ikikosea njia hapo, mwenye mtumbwi ana nafasi kubwa ya kufika kabla ya gari la zimamoto. Naziomba mamlaka za viwanja hivi ziwaite wavuvi wa mialo ya jirani, angalau mara moja kwa mwaka, wasimame chini ya ndege iliyoegeshwa na kila mmoja aushike mkono wa mlango kwa mkono wake. Nawe msomaji wa Tanzania, hifadhi namba ya Zimamoto na Uokoaji kwenye simu yako leo: ni 114.