UASI: SURA ZAKE TATU

Somo: 1 Samweli 15, Hesabu 16, 2 Samweli 13 na 15

Ukisikia neno uasi, pengine unafikiria mtu anayemjibu mchungaji vibaya mbele ya watu. Lakini uasi mwingi ni wa kimya. Unaweza kukaa nao kanisani miaka mingi ukiimba sifa.

1. Uasi wa kutii nusu (Sauli)

Sauli aliambiwa aangamize Waamaleki pamoja na mifugo yao yote. Akamwacha hai mfalme Agagi, na kondoo na ng'ombe walionona. Alipoulizwa, alisema wanyama ni wa dhabihu. Unaona? Alifunika kutotii kwa ibada. Samweli akamwambia wazi kwamba uasi ni sawa na uchawi (mstari wa 23). Sisi mchawi tunamwogopa, lakini kutii nusu tunakuita hekima!

2. Uasi wa tamaa ya cheo (Kora)

Kora alikuwa Mlawi, tayari ana huduma katika maskani. Lakini akataka na ukuhani. Akakusanya viongozi 250, na hoja yake ilisikika ya kiroho kabisa: mkutano wote ni mtakatifu, mbona Musa na Haruni wajikweze? Hoja tamu, nia mbaya. Siku hizi huanzia kwenye simu: "Tumwombee mchungaji," kisha maombi yanageuka porojo.

3. Uasi wa moyo uliojeruhiwa (Absalomu)

Tamari, dada yake Absalomu, alinajisiwa na Amnoni. Daudi alikasirika sana, lakini hatusomi kwamba alimwadhibu Amnoni. Absalomu akanyamaza miaka 2, kisha akamuua. Baadaye akawa anasimama njiani penye lango la mji akiiba mioyo ya watu. Uchungu wake ulikuwa na sababu, ila njia yake iliua wengi, naye mwenyewe akafa. Viongozi na wazazi, tusikie pia: ukinyamazia dhuluma nyumbani mwako, unapanda mbegu ya uasi.

Je, kila kukataa ni uasi?

La hasha. Shifra na Pua walikataa agizo la Farao la kuua watoto wa kiume, na Mungu akawatendea mema (Kutoka 1). Hapa kwetu tuliona Shakahola, Kilifi, mwaka 2023: miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, watu walioambiwa wafunge hadi kufa ili wamwone Yesu. Kwa hivyo mtu akikuamuru utende dhambi, ufiche dhambi, au uumize mwili wako ama mtoto wako, kumkataa si uasi. Hata kama ameshika Biblia.

Utajipima vipi?

Mwangalie nabii Nathani. Daudi alipokosa, Nathani alimwendea mwenyewe akamwambia ukweli usoni. Absalomu naye aliwaendea watu. Wote wawili waliona kosa la mfalme. Mmoja alimrudisha Daudi kwenye toba, mwingine aligawanya taifa.

Mpendwa, kuna neno unalo juu ya mchungaji, mzazi, mume, mke au mwajiri wako? Wiki hii usilipeleke kwa jirani. Mwendee yeye (Mathayo 18:15). Asiposikia, nenda na shahidi mmoja au wawili. Na kama kuna hatari kwa maisha ya mtu, usingoje, ripoti mara moja.

Mungu atupe mioyo minyoofu. Amina.