Mtoto Unayemlea ni Wako Kisheria?

Msiba umeisha, ndugu wamekaa kikao cha ukoo kumchagua msimamizi wa mirathi. Mmoja ameshika daftari anaandika muhtasari utakaopelekwa Mahakama ya Mwanzo, na majina ya watoto wa marehemu yanatajwa moja baada ya jingine. Linafika jina la binti aliyelelewa katika nyumba hiyo tangu akiwa mchanga, ambaye ndiye aliyemuuguza marehemu miezi yake ya mwisho. Baba mdogo anakohoa kidogo: "Huyu tunampenda wote, lakini si wa damu." Jina linarukwa. Uchungu wake ni kwamba kisheria baba mdogo ana pa kusimamia, kwa kuwa hakuna aliyewahi kwenda mahakamani kumwasili binti yule.

Wengi huulizia habari za kuasili wakati kama huo, mwenye uwezo wa kuomba akiwa ameshazikwa. Kwa hiyo kama unalea mtoto usiyemzaa, soma haya ungali hai na mtoto angali chini ya miaka 18.

Kwa Tanzania Bara, mambo haya yamo katika Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2011, na aliye Unguja au Pemba aulize kwa sheria hiyo. Sheria ya Bara inasema maombi ya kuasili yapelekwe Mahakama Kuu. Mwenyekiti wa mtaa hana mamlaka hayo, wala mtendaji wa kata, wala mwenye kituo cha kulelea yatima. Ile karatasi mliyoandikiana na mama mzazi mbele ya mjumbe, hata ikiwa na muhuri na mashahidi wanne, inaonyesha tu kwamba alikukabidhi mtoto umlee. Kesho akibadili nia na kuja kumdai, karatasi hiyo haitakufanya uwe mzazi.

Kuna njia ya mkato ambayo nawasihi msiifuate. Mtoto ametelekezwa, au msichana amejifungua na hamtaki, na mtu anashauri: mwandikishe tu kama umemzaa wewe, cheti cha kuzaliwa kitoke kwa jina lako, yaishe. Kutoa taarifa za uongo katika usajili wa vizazi ni kosa la jinai. Pia cheti hicho kinaweza kupingwa wakati wowote, na anayeumia ni mtoto, ambaye siku moja atasimama mbele ya watu akiambiwa kwamba hata cheti chake ni cha kughushi. Mtoto aliyeokotwa apelekwe polisi na ustawi wa jamii. Ukitaka kumlea, anzia hapo hapo kusema.

Njia halali inaanzia kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako. Atafika nyumbani. Ataangalia mtoto atalala wapi, ataongea na mwenzi wako na watoto wengine mlio nao, atauliza kipato, afya, na hata majirani wanakuonaje. Wapo wanaokwazika na ukaguzi huu. Mimi nauona wa haki kabisa, kwa sababu mtoto hana mtu mwingine wa kumuulizia maswali hayo. Ukikubaliwa, kwa kawaida mtoto huja kwako kwanza kwa malezi ya kambo, kwa miezi kadhaa, afisa akifuatilia mnavyoishi. Hapo ndipo ombi linapokwenda mahakamani, na mahakama humteua mtu wa kusimamia maslahi ya mtoto katika shauri hilo, mara nyingi afisa ustawi wa jamii.

Sheria inataka mwombaji awe na umri wa angalau miaka 25 na amzidi mtoto kwa miaka 21 au zaidi, ingawa ndugu wa mtoto wana nafuu katika sharti hilo. Wanandoa huomba pamoja.

Kinachochukua uzito mkubwa ni ridhaa ya wazazi waliomzaa, kama wapo. Jaji lazima aridhike kwamba mzazi anaelewa anachokikubali: kwamba haki zake zote juu ya mtoto zinakoma moja kwa moja, si mpaka maisha yatakapomnyookea. Mama wa miaka 19 aliyezidiwa na shida anastahili kuelezwa hivyo kwa lugha anayoielewa, bila kuharakishwa na mtu yeyote. Mahakama inaweza kuendelea bila ridhaa ya mzazi pale alipomtelekeza au kumtesa mtoto, pale asipopatikana, au anapokataa bila sababu ya maana. Mtoto aliyefikia umri wa kuwa na maoni naye husikilizwa.

Fedha haina nafasi hapa. Mahakama lazima ijiridhishe kwamba hakuna aliyelipwa ili mtoto atolewe. Anayekuambia "lipia kidogo, mtoto yupo" anakuingiza katika biashara ya binadamu, na Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008 inamhusu.

Amri ikishatoka, mtoto ni wako kana kwamba umemzaa ndani ya ndoa. Wajibu wa kumtunza ni wako, na huwezi kumrudisha kwa kuwa amekuwa mtundu. Ukifa bila wosia, anarithi pamoja na watoto uliowazaa, hata kama mila za ukoo zinasema vingine. Baba mdogo wa kile kikao angeonyeshwa nakala ya amri, na mjadala ungefungwa.

Lakini si kila mlezi anahitaji kuasili. Bibi anayelea wajukuu huku binti yake akihangaikia maisha mjini akiwaasili, kisheria amemwondoa binti yake katika umama. Huyo anahitaji zaidi amri ya kukaa na watoto, inayotolewa na Mahakama ya Watoto, ili shule na hospitali zimtambue. Kadhalika Waislamu wengi hawataki kubadili nasaba ya mtoto, kwa kuwa dini inataka aitwe kwa baba yake na haimpi mtoto wa kulelewa fungu la mirathi. Hilo halimwachi mtoto mikono mitupu: mlezi anaweza kumpa hiba akiwa hai, au kumwandikia wasia usiozidi theluthi ya mali. Kwa wasio Waislamu ambao hawajaasili, wosia ulioandikwa vizuri ndio kinga iliyobaki, na RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, hupokea wosia na kuutunza.

Neno kwa ndugu walioko nje. Sheria huangalia uraia, na Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia pacha. Shangazi aliyechukua uraia wa Uingereza au Marekani, akitaka kumwasili mtoto wa marehemu kaka yake, anaweza kukutana na masharti ya mgeni: awe ameishi Tanzania miaka mitatu mfululizo, awe amemlea mtoto kwa miezi mitatu angalau chini ya uangalizi wa ustawi wa jamii, asiwe na rekodi ya uhalifu, na nchi yake iwe tayari kuitambua amri hiyo. Ajue hayo kabla hajamkatia mtoto tiketi.

Usiyeweza kumlipa wakili, uliza katika halmashauri yako kuhusu watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Na ukishapata amri, usiiache kabatini. Hakikisha imefika kwa Msajili Mkuu, RITA, ili mtoto aingizwe katika rejesta ya watoto walioasiliwa, kisha mwombee cheti kinachotokana na rejesta hiyo. Shule na idara ya uhamiaji watakiulizia hicho.