KUTUNGA MASUALI YA MAJIBU MAFUPI

Walimu wa skuli za Unguja na Pemba wanakumbushwa kwamba suali la jibu fupi linatakiwa liwe na jibu moja lililo wazi. Mwalimu akiuliza, “Karafuu hupatikana wapi?”, mtoto aliyeandika “Pemba”, aliyeandika “mtini” na aliyeandika “sokoni” wote wamesema kweli, lakini mmoja tu ndiye atakayepewa alama. Huko ni kumdhulumu mtoto kwa kosa la mtunzi. Iulizwe hivi: “Ni kisiwa gani cha Zanzibar kinachotoa karafuu nyingi zaidi?”

Inafaa mwalimu aandike kwanza jibu analolitaka, pamoja na mengine atakayoyakubali, ndipo atunge suali. Sentensi ya kitabu isinakiliwe na kuondolewa neno moja, kwani hapo hupimwa kukariri tu. Panapohitajika kipimo, kitajwe: maji safi huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi kwenye usawa wa bahari, na aliyeandika 212 za Farenihaiti hakukosea. Kosa dogo la tahajia katika somo la sayansi lisimnyime mwanafunzi alama, maadamu neno linafahamika.

Mzazi anayeona utata wa namna hii katika daftari la mwanawe amwendee mwalimu kwa mashauriano.