Redio ya Mkononi: Nani Atakusikia Ukiwa Nje ya Mwamba?

Wavuvi wetu wengi, kuanzia Diani hadi Vanga, hutoka baharini na simu ya mkononi iliyofungwa vizuri isiingie maji. Karibu na ufuo simu hiyo inafaa sana. Ukishavuka mwamba na kuendelea nje, alama za mtandao hupungua moja baada ya nyingine, kisha hakuna kitu. Si ajabu. Milingoti ya simu ilijengwa kwa ajili ya watu wa vijijini na barabarani, wala haikujengwa kwa ajili ya bahari. Hata pasipokuwa na kizuizi chochote, simu ya kawaida ya kizazi cha pili haiwezi kushika mlingoti ulio zaidi ya kilomita 35, na mara nyingi hukata mapema zaidi kwa sababu imeshikwa chini, karibu na maji. Tena simu humpigia mtu mmoja tu. Kama amelala, au betri yake imekwisha, basi.

Redio ya upepo hufanya kazi kwa njia nyingine. Unabonyeza kitufe, unasema, na kila aliye kwenye chaneli hiyo na yuko karibu vya kutosha anakusikia, hata yule ambaye hukujua kwamba yupo. Haihitaji salio wala mlingoti wa kampuni. Ndiyo maana vikundi vya usimamizi wa fuo, yaani BMU, na waendeshaji wa mashua za watalii huulizia sana redio hizi. Somo la toleo hili ni kwa wanaotaka kununua, hasa wale wanaochangisha fedha za kikundi.

Madukani kuna redio za mkononi za aina mbili, na kwa macho zinafanana kama ndugu.

Ya kwanza ni redio ya ridhaa. Redio ya ridhaa ni shughuli ya watu wanaojifunza mawasiliano kwa kupenda, bila malipo. Mwenye leseni ya Kenya hupewa herufi za mwito zinazoanza na 5Z4, na redio ya mkononi ya ridhaa kwa kawaida hutumia masafa ya megahezi 144 hadi 146 na 430 hadi 440. Redio za siku hizi za aina hii zimejaa vitu: kioo chenye namba, kumbukumbu ya chaneli mia moja na zaidi, kuchakura masafa yenyewe, kusikiliza stesheni za FM, tochi, na zile za bei ya juu zina GPS na sauti ya kidijitali. Baofeng UV-5R, iliyoingia sokoni mwaka 2012, ilifanya redio hizi ziwe za shilingi elfu chache tu, na leo utaiona mikononi mwa walinzi wa majengo na waandalizi wa harusi.

Hapa tuseme wazi. Redio hiyo ya bei nafuu inaweza kufunguliwa ikarusha kuanzia megahezi 136 hadi 174, na ndani ya nafasi hiyo mna masafa ya meli na ya huduma nyingine zisizokuhusu. Kuweza si kuruhusiwa. Chini ya Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya ya mwaka 1998, kurusha mawimbi kunahitaji leseni, na chombo chenyewe kinatakiwa kiwe kimeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano. Leseni ya ridhaa nayo hairuhusu biashara: huwezi kuitumia kuulizia bei ya changu au kupanga safari za watalii. Na kwa mvuvi kuna sababu ya karibu zaidi: redio hiyo haikutengenezwa kuhimili maji ya chumvi. Wimbi moja linatosha kuiua.

Ya pili ni redio ya bahari, ile ya VHF. Haina madoido mengi. Chaneli zake zimepangwa kimataifa, na kubwa kuliko zote ni chaneli 16, yaani megahezi 156.8, ambayo ni ya wito na dharura. Chaneli hii husikilizwa na meli zinazoingia na kutoka bandari ya Mombasa, na pia na Kituo cha Kanda cha Kuratibu Uokoaji Baharini kilichoko Mombasa, kilicho chini ya Mamlaka ya Bahari ya Kenya, KMA. Redio ya mkononi ya bahari hurusha kwa nguvu ya wati 5 au 6, na huwa na kitufe cha kuishusha hadi wati 1. Tafuta iliyoandikwa IPX7, maana yake inahimili kuzama mita 1 kwa dakika 30. Nyingine huelea zikianguka, na sifa hiyo tunaipima kuwa bora kuliko tochi na FM zikichanganywa. Redio ya chombo cha majini nayo ina leseni yake, kwa hiyo kabla ya kulipa ulizeni kwanza Mamlaka ya Mawasiliano.

Sasa jambo ambalo muuzaji hatakwambia. Mawimbi ya VHF huenda moja kwa moja, hayapindi kuifuata dunia. Mahali bahari inapokutana na mbingu ndipo karibu na mwisho wake. Kwa hiyo urefu wa antena juu ya maji una maana kuliko wati. Hesabu yake ni nyepesi: chukua urefu wa antena kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4.1, utapata kilomita. Fanya hivyo kwa pande zote mbili, kisha jumlisha.

Mvuvi aliyeketi ndani ya ngalawa ameshika antena kama mita 1 juu ya maji. Ana kilomita 4. Mwenzake aliye ngalawa nyingine ana 4 zake, kwa hiyo wawili hawa wanasikizana hadi kilomita 8 hivi. Haitoshi, na hata redio ya wati nyingi zaidi haitawaongezea kitu cha maana. Lakini ofisi ya BMU ikifunga antena kwenye nguzo ya mita 16, kipeuo chake ni 4, mara 4.1 ni kilomita 16. Jumla inafika 20. Meli yenye antena mita 36 juu ya maji inaweza kumsikia mvuvi huyo huyo ikiwa kilomita 28 kutoka kwake. Na antena ikiwa mahali kama vilima vya Shimba, takriban mita 400 juu ya usawa wa bahari, hesabu inavuka kilomita 80. Baharini mambo hupungua kidogo kuliko karatasini, hasa betri ikiwa dhaifu au antena ikilazwa. Ishike wima daima.

Kwa hiyo kikundi chenye fedha kidogo kisianze kwa kununua redio kumi za mkononi. Kianze na nguzo, redio moja ya kituo, na mtu wa zamu wa kuisikiliza vyombo vikiwa nje. Redio kumi bila msikilizaji ni watu kumi wanaoambiana kwamba wote wamo hatarini.

Faragha haipo, na hilo mtalizoea. Kila usemalo linasikika. Tunajua hakuna nahodha anayetaka kutangaza alikokuta jodari, na hakuna haja: chaneli 16 si ya mazungumzo. Unaita, ukijibiwa mnahamia chaneli nyingine ya kazi.

Kwa dharura kuna mpango wa maneno, nao ujifunzwe ufukweni kabla ya kusi kuanza. Neno ni Mayday, hutamkwa meidei, na ni la hatari ya maisha tu. Tuseme mashua inaitwa Subira. Weka chaneli 16, nguvu ya juu, bonyeza, ngoja kidogo, kisha:

“Mayday, Mayday, Mayday. Hii ni mashua Subira, Subira, Subira. Mayday, Subira. Tuko maili 6 kusini-mashariki ya kisiwa cha Chale, nyuzi 4 dakika 31 kusini, nyuzi 39 dakika 36 mashariki. Maji yanaingia, injini imezima. Tunahitaji kuokolewa. Tuko watu 5. Ova.”

Achia kitufe. Hapa wengi hukosea: hofu huwafanya waendelee kubonyeza, na anayebonyeza hasikii jibu. Kitufe kilichokwama pia huifunga chaneli kwa kila mtu. Usipojibiwa, rudia. Mahali ulipo pasemwe mapema, kwa sababu betri ikikatika katikati, waokoaji watakuwa tayari na pa kuanzia. Na kama chombo kinazama na redio pekee iliyopo si ya bahari, kanuni za kimataifa hazimzuii aliye hatarini kutumia njia yoyote aliyonayo kuomba msaada.

Je, redio ya ridhaa haina kazi Kwale? Inayo, nchi kavu. Tarehe 26 Desemba 2004, tsunami ilipopiga visiwa vya Andaman, Bharathi Prasad na wenzake kutoka India walikuwa huko na redio zao za ridhaa kwa shughuli ya kirafiki tu. Njia nyingine za mawasiliano zilipokatika, wao ndio waliopeleka habari za walio hai kwa jamaa zao bara. Mto Umba unapofurika upande wa Vanga, au barabara za Kinango zinapokatika, watu wachache wenye leseni na betri zilizojaa wangefaa sana. Mwalimu wa fizikia mwenye wanafunzi wadadisi anaweza kuanzia hapo. Mjini Nairobi kuna chama cha Amateur Radio Society of Kenya.

Kuhusu utunzaji: kila ukirudi, suuza redio kwa maji baridi, ikaushe, na futa vyuma vya chaja visipate kutu ya chumvi. Kurusha hula betri kuliko kusikiliza, kwa hiyo mazungumzo ya karibu yafanywe kwa wati 1. Kile kirungu kinachonyamazisha mvumo kisikazwe mno, maana hufuta pia sauti ya mbali na dhaifu, ambayo huenda ndiyo inayokuita. Na kabla ya kung’oa nanga, mwite mtu wa zamu kwenye chaneli ya kazi, umwambie jina la chombo, idadi ya watu na saa ya kurudi. Aandike kwenye daftari.